Fundi Aliyepima Vinywa

Kabla hajakuchongea kiko, Fundi alikutaka ufungue kinywa. Hakuona haya. Ungekuwa mjumbe, ungekuwa mzee wa kanisa, ungekuwa mama mkwe wa watu uliyejitanda khanga mbili, alikuambia, "Hebu tuone meno," akakushika kidevu, akakugeuzia kwenye mwanga wa mlango kama anayenunua ng'ombe. Alitaka kujua yamebaki upande gani. Mtu wa kiko hakishiki kwa mkono, alisema, anakishika kwa meno, mikono inabaki ya jembe. Sasa kama meno yako yamebaki kushoto na mimi nimekuchongea cha kulia, nimekuchongea adhabu.

Siku yangu nilifungua kinywa huku nimefumba macho kwa aibu. Nilikuwa nimebakiza sita upande wa kushoto, manne chini na mawili juu.

"Wewe ni wa kushoto," akasema. "Na unauma kwa nguvu sana. Nani amekuudhi?"

"Marehemu mume wangu."

"Si alishakufa?"

"Ndiyo alivyoniudhi."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha nadra kama jua la mwezi wa saba huku kwetu Mafinga. Kuanzia siku hiyo tukawa majirani hasa, maana kabla ya hapo tulikuwa watu wawili tu wenye uzio mmoja wa matete.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini majina hayanipotei. Naweza kuwataja waliovuta viko vyake mtaani kwetu: mzee Kalinga, wa kulia, mzee Mgaya, wa mbele, aliyefanana na sungura, bibi Atuganile, ambaye hakuwa na jino hata moja. Huyo Fundi alimzungushia uzi mnene kwenye mdomo wa kiko ili ufizi upate pa kukamata, na bibi alikivuta hivyo mpaka tunamzika. Yeye mwenyewe namwacha Fundi tu, kama tulivyomwita, kwa sababu yupo hai na sikumwomba ruhusa. Naandika habari zake kwa ajili ya jambo moja la binti yake, Tumpe, ambaye kwa miaka mingi hakukanyaga nyumbani kwa baba yake. Katika jambo hilo mimi nina fungu langu. Nitafika. Lakini mtu hawezi kulielewa kosa langu kabla hajamjua niliyemkosea.

Mafinga yetu ni mji wa mbao. Ukiamka unasikia mashine za kupasua magogo, ukilala unanusa msonobari, malori yanapita yamebeba miti hadi barabara inalia. Kila kijana ana randa, kila kichochoro kina kitanda kinachopigwa vanishi. Katikati ya hayo yote Fundi hakuugusa msonobari hata kwa kutengenezea kigoda. "Huo ni mti wa haraka," alisema. "Unakua haraka, unaoza haraka, unawaka haraka. Ukiutengenezea kiko, utavuta kiko badala ya tumbaku."

Mti wake yeye ulitoka mbali, kwao, upande wa Rungwe, juu kabisa kwenye baridi ambako watu wanalima viazi. Ni mti mdogo wa majani membamba kama sindano, unatoa maua meupe madogo, mtu mzima anaupita bila kuutazama. Chini, pale shina linapokutana na mizizi, huwa unafanya nundu, ngumu kama goti la mzee. Wakulima wakifungua shamba jipya wanazing'oa zile nundu na kuzitupa pembeni, wakizilaani kwa kuwavunjia majembe, kisha wanazichoma. Mama yake Fundi alikuwa anapikia maharage kwa kuni hizo. "Zinakaa na moto kuliko kuni zote," alinieleza. "Tuliona ni kuni nzuri tu. Basi."

Aliyemfumbua macho ni Mgiriki mmoja aliyelima tumbaku huko Iringa, bondeni, chini ya mji, enzi ambazo Fundi alikuwa kijana anayetafuta useremala. Mgiriki alikuwa na kiko alichokipenda kuliko mbwa wake, na siku moja akakikalia kikavunjika shingo. Akamwita seremala akiunge. Fundi alikigeuza mkononi, akakinusa, akapitisha ukucha kwenye nyuzi za ule mti, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha wakati huo, chenye Kinyakyusa nusu, "Bwana, hii ni kuni ya mama yangu."

Mgiriki alimcheka. Akamwambia mti huu unachimbwa kwao, milimani, juu ya bahari, na watu wa Ulaya wanaununua kwa kupigana. Fundi hakubishana. Likizo ilipofika akapanda lori hadi kwao, akarudi na gunia la nundu, akalimwaga miguuni pa yule Mgiriki. "Mgiriki," alinisimulia, "alikaa chini kwenye vumbi, mzungu mzima na suruali yake nyeupe, akazishika moja moja. Akaanza kulia. Nikadhani amechukizwa. Kumbe alikuwa amekumbuka kwao."

Basi, huyo akamfundisha. Viko vya kwanza vya Fundi vilikuwa balaa, kwa maana alikuwa na ujuaji wa mtu aliyekulia jikoni pa mama yake: alizianika zile nundu juani kama wanavyoanika kuni. Zikapasuka zote, gunia zima, usiseme. Akaleta gunia la pili, akazitundika darini juu ya moto kama wanavyotunza mbegu za mahindi kwao, akidhani moshi utazikausha taratibu. Zilikauka, ndiyo, lakini mzee wa kwanza kuvuta kiko cha nundu zile alitapika hadi wakataka kumpeleka hospitali. Uchungu wa mti ulikuwa umebaki ndani. Ndipo Mgiriki akamwambia, huu mti kwanza unauchemsha.

Na kuchemsha huko ndiko kulikomfanya Fundi awe mtu wa peke yake. Nundu zilikaa ndani ya pipa la maji kutwa nzima, moto wa wastani, usizidi wala usipungue. Maji yanatoka mekundu kama chai iliyokolea, unayamwaga, unatia mengine ya moto, mpaka yatoke meupe. Ukiuacha moto ukafa katikati, mti unashtuka na kupasuka ndani kwa ndani, na wewe huoni chochote hadi siku unatoboa. Kwa hiyo siku ya pipa Fundi haondoki. Ukimwita haitiki. Baada ya hapo nundu zilizikwa kwenye pumba za mbao, kivulini, zikakaa miaka. Miaka, si miezi. Alikuwa na vipande alivyovianza wakati Tumpe anang'oka meno ya utoto na kuvichonga Tumpe akiwa sekondari.

Mzee Mgaya alipofariki, yule wa meno ya mbele, mazishi yaliangukia siku ya pipa. Fundi hakutokea. Huku kwetu kukosa msiba ni jambo zito kuliko kukosa harusi ya mwanao mwenyewe. Watu walisema maneno, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kesho yake asubuhi, watu wameshatawanyika, akaja na mkeka wake kwapani, akautandika chini ya ukuta wa nyumba ya marehemu, akakaa. Alikaa siku tatu. Mjane alipomletea uji alishukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo, mama," akanywa, akarudi kutazama chini. Siku ya tatu mjane akanifuata. "Mama Zawadi, mwambie Fundi aende kwake, sasa ananitisha." Nikamwambia. Akakunja mkeka wake. "Nilikuwa na deni la siku moja," akasema. "Nimelipa na riba."

Kuchonga kwenyewe sitaweza kukueleza kwa ufundi, nitakueleza kama mtazamaji. Alibana kipande kwenye jiliwa, zile taya za chuma za mezani, akatoboa tundu la tumbaku kwa keekee ya mkono, taratibu kama anayesaga dawa ya mtoto. Kisha akatoboa njia ya moshi kutokea ubavuni, na hapo alishusha pumzi na kusimama kimya, kwa sababu ile njia lazima ikatokee chini kabisa ya tundu, si juu kidogo, si pembeni. Ikikosea unywele mmoja, kiko kitakuwa na maji maji kama pua ya mtoto mwenye mafua. Mdomo aliutengeneza kwa pembe ya ng'ombe. Pembe alizipata kwa Wasukuma wa Usangu waliokuwa wakileta ng'ombe mnadani, na hao nao walimpenda, walimwita "ng'wanangwa", yaani jumbe, kwa utani, wakimwona mtu mzima anazipapasa pembe kama anachagua mchumba. Alipomaliza tupa na msasa, alikipaka nta ya nyuki, akakisugulia kwenye ubavu wa pua yake, huku na huku, hadi kikang'aa. "Mafuta ya pua hayauzwi dukani," alisema.

Halafu alikitia kinywani kikiwa kitupu, akavuta hewa, amefumba macho, akisikiliza. Kikipiga mluzi, alirudi kwenye jiliwa. Kikinyamaza, kimeiva.

Nasema kikiwa kitupu, kwa sababu Fundi hakuvuta tumbaku. Hakuwahi. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote.

"Fundi," nilimchokoza siku moja, "unafinyanga vyungu na hujui ugali."

"Mkunga wa kiume hujamwona wewe?"

"Nimemwona. Lakini yeye hawezi kuzaa, wewe kuvuta unaweza."

"Nikivuta," akasema, "nitaanza kuvipenda vyangu tu. Sasa hivi napenda vyenu vyote."

Kulikuwa na mwenye duka mmoja mjini Iringa, Hasmukh, mtu mpole, aliyewauzia wageni vinyago na vikapu. Alikuja mpaka Mafinga na gari lake, akanywa chai kwa Fundi, akamwambia anataka viko ishirini vya kupanga dirishani.

"Vya nani?" Fundi akauliza.

"Vya yeyote, mzee. Mgeni yeyote."

"Yeyote ana meno mangapi?"

Hasmukh akanitazama mimi, akidhani nitamsaidia. Nami nikamwambia, "Mjibu tu, baba. Yeyote anauma wapi?" Mtu wa watu akaondoka na viko viwili, na vyote viwili vilichongwa kwa kipimo cha kinywa chake mwenyewe, na yeye havuti. Nasikia viko dirishani pale hadi leo, na wageni wakivishika wanashangaa kwa nini vinapinda kidogo kulia.

Alikuwa na maneno yake. Hakuyasema kama methali, yalimtoka tu akiwa na tupa mkononi. Nililolishika zaidi ni hili: "Ufa hauji. Ufa ulikuwepo, wewe ndiye umechelewa kuuona." Alisema hivyo kila kiko kilipomharibikia katikati ya kazi, na hakutupa kwa hasira, alikiweka pembeni kwenye sanduku la viko vilivyopasuka. Halafu siku nyingine nilimsikia akisema neno hilo hilo peke yake, hana kiko wala tupa, amekaa tu mlangoni. Siku hiyo nilijua anamsemea Tumpe.

Mke wake, Sekela, alikufa Tumpe akiwa na miaka minne. Fundi hakuoa tena. Tulimletea wanawake, wazuri tu, wenye heshima. Aliwakaribisha, akawapa viti, akarudi kwenye keekee. Alimlea yule mtoto mwenyewe. Alijifunza kusuka nywele kwa kutazama wasichana wa jirani, na kwa sababu vidole vyake vilizoea kufuata nyuzi za mti, alisuka mistari iliyonyooka kuliko ya saluni yoyote. Niliwaona jioni nyingi, mtoto kati ya magoti yake, yeye na kitana mdomoni. Tumpe alikuwa ndiye anayepitisha unyoya wa kuku kwenye njia za moshi kuona kama ziko wazi. "Baba, hiki kinapumua," alipiga kelele. "Hiki hakipumui."

Sekondari Tumpe akaokoka. Simsemi vibaya, wokovu umewasaidia wengi, hata Zawadi wangu. Alirudi likizo na Biblia yenye zipu, akamkalisha baba yake. Nilikuwepo, nimekuja kuchukua kiko changu kilichokuwa kimelegea mdomo.

"Baba, hii kazi inaua watu."

"Mimi sivuti, mwanangu."

"Ndiyo mbaya zaidi. Hujui hata ladha ya unachowapa."

"Nawapa mti. Tumbaku wanaleta wao."

"Baba, acha. Una ufundi wa kutengeneza chochote. Tengeneza vijiko. Tengeneza vibao vya kukatia mboga."

"Kibao hakina kinywa," akasema Fundi.

Alisema kwa upole, lakini neno lile lilimkata binti. Alinyanyuka akanitazama mimi na kiko changu mkononi, akasema bila matusi, kwa huzuni tu, "Shikamoo mama, na samahani," akaingia ndani. Alivumilia miaka michache. Siku aliyopata kazi Mbeya alimwambia baba yake neno la mwisho: siku utakapoacha, niite, nitakuja, kabla ya hapo siwezi kula chakula cha fedha hii. Akaenda. Akaolewa huko huko, na Fundi hakuwepo kwenye harusi, kwa sababu kadi ilikuja na sharti na yeye hakulijibu.

Simu alikuwa nayo, ile ndogo ya tochi, na namba ya Tumpe ilikuwemo. Hakuipiga. Nilimsihi. "Aliyeondoka ndiye anayeijua njia ya kurudi," alisema. Kiburi hicho alikuwa nacho, nisimpambe. Lakini kila alipotoka, hata kwenda dukani kununua chumvi, akirudi alisimama mlangoni pa nyumba yake tupu akabisha, "Hodi!" Akangoja kidogo. Ndipo akaingia. Mimi upande wangu wa matete nilikuwa naiacha kazi niliyoishika hadi asikike amevuta kiti.

Sasa nimefika.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, baridi ile ya kukata masikio, Fundi aliniambia akiwa amejikunyata juani, "Mama Zawadi, nimechoka. Tumpe akija akaniomba tena, kwa mdomo wake, naacha. Siku hiyo hiyo." Usiku nilifikiri. Akiacha, Tumpe atamchukua. Akichukuliwa, nyumba ya upande wa pili itafungwa. Mume wangu yuko ardhini, Zawadi yuko Mgololo kiwandani na huja sikukuu kwa sikukuu. Mtu pekee ambaye akisikia nimekohoa sana aliuliza "Vipi huko?" alikuwa ni Fundi.

Haikupita wiki mbili, Tumpe akaja.

Ilikuwa siku ya pipa. Fundi yuko nyuma ya nyumba, moshi unapanda. Njia ya kwenda kwake inapita mlangoni pangu, nami nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, kiko mdomoni. Nilimwona anakuja na sweta ya rangi ya zambarau, kitambaa cheupe kichwani, mtoto mgongoni. Nilikificha kiko chini ya khanga kikiwa na moto, nikajiunguza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Tumpe mwanangu! Kamwene! Na huyu nani?"

"Sekela." Akageuka ili nimwone. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, meno mawili tu.

Tukasalimiana yote. Kisha akatazama ule moshi. "Mama, niambie ukweli. Baba ameacha?"

Nikavuta khanga ifunike kiko vizuri.

"Nimekuja kumchukua," akasema. "Mume wangu amekubali, chumba kipo. Nikiingia na hajaacha tutagombana tena, na sitaki huyu mtoto amwone babu yake kwa mara ya kwanza tukigombana. Kama ameacha, naingia sasa hivi."

Hapo nilitakiwa kusema maneno machache tu: ingia, muombe, anakungoja. Niliyajua. Yalikuwa yamenijaa mdomoni.

"Hajaacha," nikasema. "Ule moshi ni wake."

Na ilikuwa kweli tupu. Kanisani wanatufundisha kuogopa uongo. Hakuna aliyenifundisha kuogopa ukweli wa namna ile.

Tumpe alitikisa kichwa taratibu. "Mwambie nilikuja," akasema. "Mwambie nangoja anitafute."

"Nitamwambia."

Akaondoka. Nilimtazama hadi kona ya mashine ya mbao. Jua linazama, Fundi akatoka nyuma akijifuta masizi. "Nimesikia sauti ya mwanamke. Ulikuwa na nani?"

"Muuza vitunguu."

"Si ungeninunulia."

Basi nikaenda sokoni, kwa miguu hii mibovu, nikanunua vitunguu, nikamletea ili uongo wangu uwe na mwili. Alinishukuru.

Miaka sita ilipita. Tumpe alingoja baba yake amtafute, kwa kuwa aliamini ujumbe umefika. Baba yake alingoja binti aje, kwa kuwa hakujua kama alikuja. Na mimi nilikaa katikati yao, navuta.

Mvua zilipokatika mwaka huu, Fundi alinijia na kiko kipya mkononi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu mwaka juzi, mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa amekichonga kile kiko kwa kupapasa.

"Nitazamie," akasema. "Kina ufa?"

Nilikigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa nao, mwembamba, kutoka ukingoni hadi nusu ya tumbo.

"Kina."

"Mimi sikuuona." Akakaa kwenye kigoda changu. "Basi ndio mwisho. Kazi imeniacha yenyewe, hakuna haja mtu kuniomba. Tumpe angekuja leo asingekuta kitu cha kugombania." Akakichukua tena kile kiko, akawa anakizungusha mkononi. "Lakini hakuja, Mama Zawadi. Nilijua atakasirika, watoto wanakasirika. Sikujua atakasirika asije hata mara moja. Hata mara moja tu, nikamwona."

"Alikuja," nikasema.

Hakugeuka. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa, sikujipunguzia. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza kiko kitupu.

"Alivaa nini?" akauliza nilipomaliza.

"Sweta ya zambarau. Kitambaa cheupe. Viatu vya raba vyenye vumbi, maana alitembea kutoka stendi."

"Alikonda?"

"Hapana. Alikuwa mama, amejaa vizuri. Alikuwa na mtoto mgongoni, Fundi. Wa kike."

Mikono yake ikaacha kukizungusha kile kiko.

"Jina lake nani?"

"Sekela."

"Rudia."

"Sekela."

Kuku walikuja kudonoa miguuni petu. Halafu akasema, polepole, "Nilivila vile vitunguu." Akainuka, akapapasa uzio kwa kiganja, akaenda kwake.

Siku nne hakusema nami. Nilipika mboga nikaisogeza kwenye uzio, ikalala pale pale. Siku ya tano aliniita jina langu juu ya matete, mara moja. Nilikimbia, na sijui lini nilikimbia mara ya mwisho.

Alitaka nimsomee namba ya Tumpe na kuiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ili kondakta ampigie wakishafika Uyole, mlangoni mwa Mbeya. Nikamwambia tupige sasa. Akakataa. "Yeye alikuja kwa miguu, nami nitakwenda kwa miguu." Nikaandika. Chini ya namba, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu, nikaongeza: Tumpe, sikumwambia baba yako ulikuja, ni mimi Mama Zawadi. Nikamsomea. Akasema, "Kunja."

Asubuhi nilimshika mkono hadi stendi. Alikuwa ameoga, amenyoa ndevu kwa kupapasa akajikata mahali pawili, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Alichukua begi moja. Sikuuliza kama atarudi. Nilimwambia nipande naye nimfikishe, naweza kurudi na basi la jioni.

"Wewe usije," akasema. "Utaninukishia tumbaku."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu anayefikiria mlango atakaobisha. Basi la Mbeya liliingia, wapiga debe wakaanza kelele zao, mmoja akamshika Fundi mkono wa begi. Akajinasua akanigeukia, uso wake ukitafuta ulipo wangu.

"Mama Zawadi. Na mimi? Ninanuka?"

Nilisogea nikaweka pua kwenye kola yake, mbele ya watu, mwanamke mzee kama mimi. Alinuka ule mti wa kwao na nta na pembe iliyoungua kwenye tupa. Alinuka tumbaku ya mzee Kalinga, ya mzee Mgaya, ya bibi Atuganile, na yangu kuliko zote, kwa sababu ya miaka aliyokaa mbele yetu akivitia kinywani viko vyetu vibovu kuvisikiliza.

"Hunuki kitu, Fundi," nikamwambia. "Unanuka sabuni tu. Panda, watakuacha."